Menyu Isiyongoja Kubonyezwa

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mvua ilianza kabla sijaamka na sasa yamebaki manyunyu, yale ya kwetu Tukuyu ambayo hayamlowanishi mtu kwa mkupuo bali kidogo kidogo, mpaka anafika nyumbani hana pakavu. Soksi zangu nimezianika kwenye kiti. Ndani ya begi langu kuna kitambaa cha kufuma kilichochafuka, na si changu.

Shajara, leo sikuja kulalamika kuhusu umeme.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: natengeneza mifumo ya kompyuta kwa ofisi ndogo ndogo. Nilisoma mbali, nikarudi nyumbani, nikapanga chumba kata ya Bagamoyo, hii ya hapa hapa Tukuyu, na tangu hapo nimekuwa yule kijana anayeitwa kila printa inapogoma. Naijua kazi yangu. Nasema hivyo mapema kwa sababu nisingekuwa naijua ningekuwa na pa kujifichia.

Miezi michache iliyopita kituo kimoja cha kukusanya maziwa kiliniita. Wafugaji huja asubuhi na ndoo zao, mpimaji anapima maziwa kama yametiwa maji, kisha karani anaandika jina na majibu. Karani alikuwa Mama Lugano. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada jeusi na alijua wafugaji wote kwa majina, kwa vijiji, na wengine kwa majina ya ng'ombe wao. Mtu alikuwa hajatua ndoo chini, tayari jina lake limeshaandikwa. Mwenyekiti wa kituo aliona hayo ni mambo ya kizamani, nami nikakubaliana naye haraka sana, kwa sababu ndiye aliyekuwa ananipa kazi.

Nikatengeneza menyu. Nzuri. Ya kijani.

Menyu ziko za aina mbili. Kuna inayongoja uibonyeze ndipo ifunguke, na kuna inayofunguka yenyewe kishale kikipita tu juu yake. Hii ya pili inapendeza macho. Inakupunguzia kubonyeza, na unaona yaliyomo ndani bila kujifunga na lolote. Unapitisha mkono, vijiji vinafunguka; unasogea kulia, majina ya wafugaji yanafunguka; unasogea tena, unakuta maneno mawili, Pokea na Kataa. Hapo tu ndipo unapobonyeza. Mwenyekiti alipoiona mara ya kwanza alicheka kwa furaha, akaniambia nimeleta Ulaya Rungwe.

Ubaya wake nao naujua. Menyu ya namna hiyo haitofautishi mtu anayekuja na mtu anayepita njia. Mkono wa binadamu unapotoka kwenye jina la kijiji kwenda kwenye orodha iliyofunguka pembeni hukata kona, na ukikata kona unapita juu ya kijiji cha jirani. Basi orodha uliyokuwa unaifuata inajifunga mbele ya macho yako, inafunguka ya watu wengine. Inataka mkono uliotulia, meza iliyotulia, na mtu asiyeharakishwa. Dawa yake ipo na ni ya bure: unaiambia menyu isubiri kidogo, chini ya muda wa kupepesa jicho, kabla haijabadilika. Mwanzoni niliiweka hiyo subira. Mwenyekiti akasema mfumo unasinzia. Nikaitoa.

Nilibadilishana usalama wa karani na tabasamu la mwenyekiti. Nilijua ninachofanya, nikafanya.

Sasa kitambaa. Mama Lugano aliposikia kompyuta inakuja alikaa wiki tatu akifuma kitambaa cha meza, cheupe, chenye ukingo wa kijani na matundu madogo madogo kama maua. Hapa kwetu mgeni wa maana hawekwi kwenye meza tupu, na kompyuta ilikuwa mgeni wa maana. Siku ya kwanza alikitandika mwenyewe, akaiweka mausi juu yake, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia. Nikamsifu sana. Moyoni nilisema ni ushamba. Nakumbuka hata niliipiga picha ile meza nikamtumia rafiki yangu aliyeko Mbeya ili acheke, naye akacheka.

Tangu siku hiyo kishale chake hakikutulia. Akitaka kijiji hiki kinaruka kwenda kile. Akiifikia Pokea, inamponyoka. Alikuwa anashika mausi kwa nguvu mpaka vidole vinakuwa vyeupe, anaziba pumzi, anakosea, anaanza upya. Foleni ikawa inafika barabarani, watu wamejifunika mifuko ya nailoni kichwani, maziwa yanangoja kwenye mvua. Yeye hakuwahi kutumia mausi nyingine maishani mwake. Angejuaje kwamba si kawaida?

Aliniita mara tatu. Mara zote tatu nilifanya kitu kilekile. Mimi natumia mkono wa kushoto. Bibi yangu alinichapa sana kwa ajili yake na haukuhama. Kwa hiyo nikifika nilikuwa naisogeza mausi upande wa kushoto wa meza, kwenye mbao tupu pembeni ya printa, ambako kitambaa hakikufika. Nafungua, nachagua, nabonyeza. Hakuna shida. Namrudishia mausi kulia, juu ya kitambaa chake, naondoka. Mara ya tatu nilifanya hivyo huku nikipiga mluzi.

Halafu ikaja siku ya Mzee Ambokile. Huyu ni mfugaji wa ng'ombe wawili, mtu mpole, hutembea na ndoo yake kichwani akiwa na koti la suti. Mpimaji alisema maziwa yake ni mazuri. Mama Lugano akaifuata Pokea, lakini karatasi iliyotoka kwenye printa ikasema yamekataliwa. Mzee aliisoma taratibu, akauliza, tena kwa sauti ya chini, kama sasa ofisi inasema yeye anatia maji kwenye maziwa. Kwetu mtu anaweza kukusamehe mengi, lakini si hilo la maji kwenye maziwa.

Nikaitwa. Nilikuja nimekasirika kwa sababu nilikuwa nakula. Nikaisogeza mausi kushoto, nikachagua jina la mzee, nikabonyeza Pokea. Nikarudia mara tano mbele ya watu wote, nikiwatazama wao na si skrini, kama mtu wa mazingaombwe. Kisha nikamgeukia Mama Lugano, mwanamke aliyenizidi miaka thelathini, aliyemsaidia mama yangu jikoni kwenye msiba wa baba.

"Mama, mfumo hauna tatizo," nilimwambia. "Tatizo ni huo mkono. Unatetemeka kama ndama aliyezaliwa leo."

Watu walicheka. Walikuwa wamelowa, walikuwa wamechoka, walihitaji kitu cha kucheka, nikawapa.

Mama Lugano aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama upande wa pili.

Niseme ukweli hapa maana hakuna anayenizuia: nilijisikia vizuri. Nilirudi kwenye chakula changu kikiwa bado na uvuguvugu. Kuanzia kesho yake vijana wa foleni wakawa wanaulizana kama Ndama yupo zamu leo. Nilisikia. Mara moja nilitabasamu.

Wiki mbili baadaye Mama Lugano aliandika barua kwa mkono, mwandiko ulionyooka kama umepigwa rula, akiomba kupumzika kazi kwa sababu ya afya. Mwenyekiti aliisoma barua ile, akaona mwandiko ule, na bado akakubali kwamba mkono ulioiandika unatetemeka. Sote tulikubali. Mwenye elimu alikuwa ameshasema.

Nafasi yake ikachukuliwa na Neema, binti wa miaka ishirini na mitatu aliyekuja kutoka Dodoma na analalamika baridi kila baada ya sentensi mbili. Alhamisi nilikwenda kumfundisha mfumo. Nilisimama nyuma yake. Akachukua mausi kwa mkono wa kulia, akaelekea kwenye vijiji, na kishale kikaruka. Akajaribu tena. Kikaruka tena. Nikaona vidole vyake, vimetulia kabisa, na kwenye skrini kishale kinahangaika kama inzi kwenye kioo.

Neema aliinua mausi, akaipindua, akaangalia chini yake, akaangalia meza.

"Kaka, hiki kitambaa kina matundu," alisema. "Ndicho kinachoisumbua hii taa ya mausi."

Akakivuta. Akaiweka mausi kwenye mbao. Kishale kikatulia. Chai aliyokuwa ameniandalia ilikuwa bado inatoa moshi. Jambo lililompotezea Mama Lugano kazi yake lilionwa na mtu mgeni kabla chai haijapoa, kwa sababu tu alitazama meza badala ya kutazama mtu.

Mpimaji alikuwa amemwaga maziwa karibu na mlango. Neema akakitupa kile kitambaa chini, akakikanyaga, akafuta nacho kwa mguu. Hakujua. Mimi nilijua, nikamwacha amalize.

Na sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo ninapojiogopa. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma. Nilihofu Neema atamwambia mwenyekiti. Nikamwambia kwamba hilo ni jambo dogo la kiufundi, halina haja ya kupelekwa juu. Akasema sawa kaka. Nikakaa, nikafungua kazi yangu, nikairudisha subira niliyoitoa, nikabadilisha vijiji na majina vifunguke kwa kubonyezwa, nikaitenganisha Pokea na Kataa zikae mbali. Haikuchukua hata saa moja. Neema alijaribu wafugaji kumi bila kosa.

"Kumbe ni rahisi hivi," alisema. "Sasa hata yule mama wa zamani angeiweza."

Hata pale nilipoifuta na kuiandika upya, ile menyu ya mwanzo bado ilikuwa inanivutia macho. Ndiyo ugonjwa wangu. Menyu inayojifungua yenyewe inampendeza anayeitazama, na anayeitazama huwa si yule atakayeitumia asubuhi nzima na foleni mgongoni. Kitambaa peke yake kisingeleta madhara yale. Kwenye menyu inayongoja kubonyezwa, kishale kikiyumba kidogo hakiharibu kitu. Na menyu peke yake ingesumbua, lakini angeizoea. Viwili vikakutana, kimoja kimefumwa kwa upendo, kingine nimekitengeneza mimi kwa ajili ya sifa. Aliyelipia ni aliyefuma.

Jana mwenyekiti alinipigia kunipongeza kwa maboresho. Alisema kuna vituo vingine viwili vinautaka mfumo. Nikamshukuru. Nikasema niko tayari.

Leo asubuhi nikapanda bodaboda kwenye manyunyu kwenda kwa Mama Lugano, upande wa Igogwe, ndani ya migomba. Nilikuwa na sentensi yangu tayari kichwani. Kitambaa nilikuwa nimekiokota pale ofisini, nikakifua jana mara mbili, doa halikutoka lote. Nilipanga nimkabidhi na kumwambia.

Alinipokea vizuri kuliko ninavyostahili. Alinisalimia kwa Kinyakyusa kwanza, kisha akageukia Kiswahili kama wazee wanavyotufanyia sisi tuliosoma. Akaleta ndizi za kuchemsha na chupa ya chai ya maziwa. Akaishika ile chupa kwa mikono yote miwili, kama mtu anayebeba mtoto mchanga, akanimiminia kikombe mpaka juu kabisa. Akakibeba kutoka mezani mpaka mkononi kwangu.

Halikumwagika hata tone.

Nilikitazama kile kikombe muda mrefu. Mikono ya yule mama imetulia kuliko yangu.

Alinieleza mambo ambayo sikuyajua. Kaka yake mkubwa, mwalimu, alianza na mkono wa kulia hivyo hivyo, ukitetemeka kidogo kidogo, ukaja wa kushoto, ukaja mdomo, na miaka yake ya mwisho Mama Lugano ndiye aliyekuwa anamlisha uji kwa kijiko. Kwa hiyo niliposema mbele ya watu kwamba mkono wake unatetemeka, alijua maana yake. Alisema usiku ule alilala ameulalia. Alikwenda hospitali, daktari akamwambia anyooshe mikono, akamwambia haoni kitu. Akaona anafichwa, kwa sababu kaka yake naye mwanzoni aliambiwa hivyo hivyo.

Ameacha kufuma. Sindano zake zote, hata ile ya mfupa aliyorithi kwa mama yake, amempa jirani. Kuna kitambaa cha ubatizo wa mjukuu alikuwa amekifikisha nusu. Amekifungia kwenye sanduku. Alisema hataki kuuona mkono ukimsaliti kwenye kitu cha mtoto.

Nikasema moyoni, sasa. Nikaweka kikombe chini. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye begi.

Akanishika ule mkono mwingine.

"Wewe ndiye uliyeona kwanza," alisema. "Wengine wangeninyamazia, niendelee kuwaharibia watu majina yao. Ulisema kwa ukali, lakini ulisema. Ndaga fijo, mwanangu."

Asante sana, mwanangu. Ananishukuru mimi.

Nikajibu, "Haya, mama."

Hayo tu. Maneno mawili, nikatoa mkono kwenye begi ukiwa mtupu. Nikala ndizi yake moja ili nisionekane nina haraka, nikaomba njia. Akaniwekea ndizi nyingine kwenye mfuko, nikazibeba. Nimetengeneza menyu inayomfungukia mtu kabla hajaomba, na mimi mwenyewe nimebonyezwa pale pale penyewe, nikabaki nimefungwa.

Alipokuwa ananisindikiza aliniambia kwamba kesho kwenye ibada ya pili ataitwa mbele. Kanisa zima litaombea mikono yake. Mchungaji amemwambia aiinue yote miwili ili watu waione. Akaniomba nije, maana mimi ni kama shahidi wa mwanzo.

Kwa hiyo kesho watu mia na kitu watafumba macho kuombea mikono ambayo haina ugonjwa. Na nusu yao ni foleni ileile iliyocheka.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napiga mahesabu ya mtu mbaya. Nikikaa kimya, ataombewa. Atarudi nyumbani, ataichunguza mikono, ataiona imetulia kwa sababu haikuwahi kutotulia, na atasema amepona. Watu watafurahi. Hakuna atakayeniuliza kitu. Vituo viwili vitapata mfumo. Hata yeye atakuwa na furaha, na mimi ni nani nimnyang'anye muujiza wake? Niliipenda sana hiyo hoja. Niliibeba mpaka stendi.

Kisha nikakumbuka kwamba mtu aliyepona ni mtu anayeweza kuugua tena. Kila kijiko kitakachomponyoka, kila uzi utakaokataa kuingia kwenye tundu la sindano, atasema umerudi. Atazeeka akiichunga mikono yake kama watu wawili wasioaminika. Na kazi haitarudi; alishaniambia kwamba hata akipona hawezi kumwondoa mtoto wa watu pale mezani.

Tangu nifike nimeandika na kufuta. Sentensi zote zinaanza na mfumo. Mfumo ulikuwa na kasoro, mfumo haukuzingatia, mfumo umeboreshwa. Hii ndiyo iliyobaki, nimeiandika kwenye karatasi kwa huu mkono wa kushoto: Mama, mikono yako ni mizima, mimi ndiye niliyeharibu, na nilikucheka mbele ya watu bila kutazama meza yako.

Kumwambia faraghani hakutoshi. Nilimdhalilisha mbele ya foleni, basi foleni isikie. Kesho nitakaa benchi la mbele kabisa, kitambaa mapajani, doa likiwa juu, ili kutoka pale nilipokaa mpaka pale atakaposimama kusiwe na hatua za kutosha za kubadili mawazo.

Na kama sitainuka?

Basi atapona, kanisa litapiga vigelegele, na mimi nitasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Najijua.